Upime sukari mara ngapi nyumbani? Mwongozo kamili wa kupanga ratiba yako

Boksi la kawaida la stripu, vile vipande vidogo vinavyowekwa tone la damu ili mashine isome sukari, lina stripu 50, na wengi wetu wenye kisukari tunalinunua kwa pesa ya mfukoni. Kwa hiyo "nipime mara ngapi?" ni swali la afya na la bajeti kwa pamoja. Mtaani utapewa majibu mawili. Mmoja atakuambia upime kila asubuhi mpaka uzeeni. Mwingine atakuambia ukijisikia vizuri huna haja ya kujitoboa vidole. Wote wanajibu kabla hawajauliza mambo mawili ya msingi: unatumia dawa gani, na hiyo namba ukishaiona utaifanyia nini?

Hilo la pili ndilo lenye uzito. Mashine ikisoma 6, ambayo ni nzuri, au ikisoma 13, ambayo ni ya juu, kama utakunywa chai ileile, utameza kidonge kilekile na kwenda kazini vilevile, stripu hiyo imekwenda bure. Lakini namba inayokuzuia kupanda pikipiki huku sukari inashuka ina thamani kuliko boksi zima. Kupanga ratiba ni kujua stripu zako ziende wapi.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima mwenye kisukari na anayemuuguza. Kama kliniki imekupa ratiba, hiyo ndiyo ya kufuata. Haya yatakusaidia kuielewa na kujua cha kuuliza ukirudi.

Hatua ya 1: Toa dawa zako zote uziweke mezani

Anza na dawa kwa sababu ndizo zinazoamua kama sukari yako inaweza kushuka ghafla. Sukari ya juu huumiza polepole, kwa miezi na miaka. Sukari iliyoshuka inaweza kukuangusha jikoni ndani ya nusu saa. Kadiri dawa yako inavyoweza kuishusha, ndivyo unavyopaswa kupima zaidi.

Kama unajidunga insulini kila mlo pamoja na ile ya muda mrefu, kama ilivyo kwa wengi wenye kisukari cha aina ya kwanza (ambao mwili wao karibu hautengenezi insulini), kiwango cha chini ni mara nne kwa siku: kabla ya kila mlo na kabla ya kulala. Miongozo ya Uingereza inaanzia hapo na kuruhusu mpaka mara kumi kwa wenye sababu maalumu. Hapa hakuna cha kubana, maana kila kipimo kinakuambia udunge kiasi gani. Kwa watoto na vijana wa aina ya kwanza, uliza kliniki kuhusu mpango wa Changing Diabetes in Children, ambao Tanzania, Kenya na Uganda zimo. Unatoa insulini na vifaa vya kupimia bila malipo.

Kama unatumia insulini ya kuchanganya, ile 30/70 ya asubuhi na jioni, pima mara mbili: kabla ya kifungua kinywa na kabla ya chakula cha jioni. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapojikanganya. Sukari ya asubuhi haizungumzii sindano ya asubuhi. Inazungumzia sindano ya jana jioni, iliyofanya kazi usiku kucha. Na sukari ya saa 12 jioni inazungumzia sindano ya asubuhi, iliyokubeba mchana. Ukiamka na 12, ukaongeza sindano ya asubuhi, tatizo la usiku linabaki palepale na sasa unahatarisha kushuka mchana. Basi ukiwa na namba za jioni tupu, nusu ya dawa yako haina msimamizi.

Kama una sindano moja tu ya insulini ya usiku, pamoja na vidonge, pima kila asubuhi kabla ya kula kwa kipindi chote ambacho dozi inapandishwa. Ikishatulia wiki kadhaa unaweza kushuka mpaka siku tatu au nne kwa wiki. Ukiamka umelowa jasho, kichwa kinauma au umeota ndoto za kutisha, tega saa upime saa 9 usiku, usiku mmoja au miwili. Sukari ya asubuhi ikiwa juu inaweza kukuficha kilichotokea usiku.

Kama unatumia vidonge vinavyoisukuma kongosho itoe insulini, vile vilivyoandikwa kwenye boksi glibenclamide, gliclazide au glimepiride, huhitaji kupima kila siku ukiwa umetulia, ila ni lazima uwe na mashine ndani. Pima ukisikia dalili, ukichelewa kula, ukilima au kubeba mizigo kuliko kawaida, na dozi inapobadilishwa. Mzee, au mtu mwenye figo dhaifu, anayetumia glibenclamide aangaliwe kwa makini: dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu, na sukari iliyoshuka ikapandishwa inaweza kushuka tena saa kadhaa baadaye. Mtu kama huyo akishashuka mara moja, mrudishe kliniki dawa iangaliwe upya.

Kama unatumia metformini peke yake, au unadhibiti kwa chakula na mazoezi tu, kupima kila siku hakuna sababu. Najua jambo hili linawaudhi wengi, maana tumefundishwa kuwa mgonjwa makini ndiye anayepima. Lakini limechunguzwa. Uingereza mwaka 2007, na jimbo la North Carolina huko Marekani mwaka 2017, watafiti waliwafuatilia kwa mwaka mzima watu wa aina ya pili (ambao mwili wao hutoa insulini lakini haitoshi au haifanyi kazi vizuri) wasiotumia insulini ya sindano. Waliopima nyumbani hawakupata tofauti ya maana katika sukari ya wastani ukiwalinganisha na wasiopima. Tafsiri yangu ni kwamba kupima kwenyewe hakutibu. Kundi hili linafaidika na kupima kwa vipindi, kwa swali maalumu, na hatua ya 3 inaeleza namna.

Vidonge vya jamii ya dapagliflozin na empagliflozin navyo vikiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Vina mambo mawili ya kujua. Vinatoa sukari kupitia mkojo, kwa hiyo kipimo cha sukari kwenye mkojo kitasema ndiyo siku zote na hakikufai. Na vinaweza kusababisha damu kujaa asidi ya ketoni wakati mashine inasoma namba isiyotisha. Ukiwa unavitumia ukaanza kutapika, tumbo kuuma na kuhema kwa nguvu, usijifariji na 11 ya mashine. Nenda hospitali na uwatajie dawa hiyo.

Hatua ya 2: Andika malengo yako kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari

Namba bila lengo ni kelele. Kwa watu wazima wengi wasio wajawazito, lengo la kabla ya kula ni kati ya 4.4 na 7.2, na saa mbili baada ya kuanza kula ni chini ya 10. Chini ya 3.9 ni sukari iliyoshuka, hata kama hujisikii vibaya. Chini ya 3.0 ni hatari ya kweli.

Hizi ni namba za mmol/L, zinazotumika kwenye kliniki zetu. Ukiona mashine inakuandikia 130 au 210, usikimbilie hospitali kabla hujaangalia kipimo chake: hiyo inasoma mg/dL. Gawanya kwa 18. 130 ni kama 7.2, na 210 ni kama 11.7.

Malengo hulegezwa kwa mzee anayeishi peke yake, kwa mwenye ugonjwa wa figo au moyo, na kwa aliyewahi kuzimia kwa sukari kushuka. Hubanwa kwa mjamzito. Muulize daktari akuandikie yako kwa mkono wake. Dakika moja tu.

Hatua ya 3: Chagua saa kwanza, idadi itafuata

Fungua daftari la watu wengi wa aina ya pili utaona kitu kimoja. Safu ndefu ya namba za asubuhi: 6.2, 6.5, 5.9, 6.4. Nzuri zote. Kisha kliniki inapima HbA1c, ile sukari ya wastani ya miezi miwili hadi mitatu, inakuja asilimia 9. HbA1c ya 9 ni sawa na wastani wa karibu 11.8 mchana na usiku. Mgonjwa anaona maabara imekosea au daktari hamwamini.

Mara nyingi hakuna aliyedanganya. Huyu amepima saa ileile kila siku, yaani saa ambayo sukari yake iko chini kuliko saa zote. Chai ya saa 4 na chapati mbili, wali wa mchana, ugali wa saa 2 usiku, vyote vimepita bila kuulizwa chochote. Mtu huyu hahitaji stripu nyingi zaidi. Anahitaji kuzihamisha.

Kila saa ina habari yake. Kabla ya kifungua kinywa unaona usiku ulivyopita na dawa ya usiku inavyofanya kazi. Kabla ya chakula cha mchana unaona kifungua kinywa na dawa ya asubuhi. Saa mbili baada ya mlo unaona mlo wenyewe. Kabla ya kulala unaona kama utalala salama. Saa mbili zinahesabiwa tangu tonge la kwanza, si tangu uliponawa baada ya kula.

Kwa asiyetumia insulini, njia ninayoipenda ni kupima kwa jozi: kabla ya mlo, na tena saa mbili baadaye. Tuseme jioni kabla ya ugali na dagaa umesoma 6.8, baada ya saa mbili 13.1. Mlo umepandisha 6.3, ambayo ni nyingi. Ukiona mlo unapandisha zaidi ya 3 hivi, upunguze au uubadilishe. Kesho yake kula chakula kilekile, ila ugali nusu, mchicha mara mbili, dagaa kama kawaida. Umepima 7.0, kisha 9.6. Sasa una jibu lako mwenyewe, la sahani yako. Jaribu na wali, ndizi za kupika, viazi vitamu, mihogo, chapati. Jaribu pia kutembea dakika ishirini baada ya kula uone namba inavyobadilika. Watu wawili wanaokula sufuria moja hawapati namba moja, ndiyo maana orodha za "vyakula vya mgonjwa wa kisukari" zinazosambazwa kwenye simu zinachosha.

Ipange jozi izunguke: Jumatatu kifungua kinywa, Jumatano mchana, Jumamosi usiku. Hizo ni stripu sita kwa wiki, na kwa wiki nne utakuwa umekagua kila mlo mara nne. Halafu pumzika. Ukishajua ugali wako unafanya nini, huna haja ya kuuliza kila Jumamosi.

Njia ya pili ni ya siku chache kabla ya kliniki. Kwa siku tatu mfululizo unapima mara saba kwa siku: kabla na baada ya kila moja ya milo mitatu, na kabla ya kulala. Ni stripu 21 na vidole vitauma. Lakini daktari anayepewa picha ya siku tatu kamili anaona mengi kuliko anayepewa asubuhi 90. Kula ulivyozoea siku hizo. Ukijinyima ili namba zipendeze, utapandishiwa au kupunguziwa dawa kwa maisha usiyoyaishi.

Hatua ya 4: Gawa boksi kabla hujalifungua

Piga hesabu. Ukipima mara nne kwa siku, boksi la 50 linakwenda siku 12 tu. Mara mbili kwa siku, siku 25. Mara moja kila asubuhi na mbili za ziada kwa wiki, wiki tano na kidogo. Jozi tatu kwa wiki, wiki nane. Kama wewe ni wa metformini peke yake, unayefanya zile siku tatu kila baada ya miezi mitatu, boksi litakutosha karibu nusu mwaka. Ila angalia kichupa: baadhi ya stripu hutakiwa kuisha ndani ya miezi mitatu au sita tangu kifunguliwe, hata kama tarehe ya boksi bado. Ukiwa mpimaji wa mara chache, nunua boksi la 25.

Kabla ya kugawa, toa stripu kumi uziache za dharura. Zinabaki ndani ya kichupa kilekile, zisitolewe nje, ila kwenye daftari ziandike kama hazipo. Ukifikia kumi za mwisho, hiyo ndiyo ishara ya kutafuta boksi jingine.

Pesa zikibana kweli, mpangilio ni huu. Kwanza, dalili za sukari kushuka na siku za ugonjwa. Pili, kipimo kinachoamua dozi ya insulini. Tatu, kabla ya kuendesha chombo. Udadisi wa chakula unakuja mwisho. Na mwambie daktari wazi kwamba unamudu boksi moja kwa mwezi. Atakupangia dawa na malengo kulingana na hilo, badala ya kukuandikia ratiba ya mara nne utakayoifuata wiki ya kwanza tu.

Neno kuhusu mashine. Mashine si ghali na wakati mwingine hutolewa bure. Gharama iko kwenye stripu, na stripu za kampuni moja haziingii kwenye mashine ya kampuni nyingine. Kabla ya kununua, zunguka maduka ya dawa mawili matatu ya karibu uulize stripu zipi huwa zipo siku zote na kwa bei gani. Mashine nzuri aliyokuletea shemeji kutoka Ulaya itakaa kabatini kama stripu zake hazipatikani Morogoro au Kisumu, na huenda inasoma mg/dL pia.

Vile vibandiko vya mkononi vinavyosoma sukari mchana na usiku ni vizuri sana kwa aina ya kwanza, na ndugu walioko Ulaya na Marekani wengi wanavitumia. Ukivimudu, hesabu hizi za stripu zinapungua mno. Weka hata hivyo stripu chache, kwa sababu kibandiko kinachelewa dakika kadhaa nyuma ya damu, na sukari ikiwa inashuka kwa kasi dakika hizo zina maana. Dalili zisipolingana na kibandiko, toboa kidole.

Hatua ya 5: Jua siku za kuvunja ratiba

Homa na magonjwa. Mwili ukipambana na maambukizi, sukari hupanda hata kama huli. Mwenye aina ya kwanza apime kila baada ya saa nne au chini ya hapo, usiku pia, na asiache insulini ya msingi, ile ya muda mrefu, eti kwa sababu hali chakula. Wa vidonge apime mara mbili hadi nne kwa siku mpaka apone. Malaria inahitaji uangalifu wa upande wa pili: kwinini hushusha sukari, na malaria kali yenyewe hushusha. Mgonjwa wa kisukari aliyewekewa kwinini akaanza kuchanganyikiwa apimwe sukari hapohapo. Usidhani ni homa tu.

Namba ikikaa juu ya 15 pamoja na kutapika, kiu isiyokatika, kuhema kwa nguvu au usingizi usio wa kawaida, acha kupima nyumbani. Nenda hospitali.

Dawa mpya. Prednisolone, anayopewa mtu wa pumu au wa viungo, hupandisha sukari, na ikimezwa asubuhi hupandisha zaidi mchana na jioni. Ukipima asubuhi tu hutaiona. Hamishia kipimo chako kabla ya chakula cha jioni kwa muda wote wa dawa hiyo.

Ramadhani. Kujitoboa kidole kupima sukari hakubatilishi funga. Miongozo ya kisukari na Ramadhani inalisema hilo wazi, na bado kuna watu wanaoshinda bila kupima kwa hofu. Anayetumia insulini au vidonge vya kusukuma kongosho, na ameruhusiwa na daktari kufunga, apime kabla ya daku, asubuhi, adhuhuri, alasiri, kabla ya kufuturu na saa mbili baada ya futari, angalau siku za mwanzo mpaka aone mwelekeo. Alasiri ndiyo saa ya kushuka, futari ndiyo saa ya kupanda: uji wa sukari, tambi, kaimati na viazi vya nazi kwa mkupuo mmoja ni vingi. Sukari ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6, fungua, hata kama imebaki nusu saa magharibi iingie. Wa metformini peke yake anatosheka na kipimo kimoja au viwili kwa siku. Zungumza na daktari mwezi mmoja au miwili kabla, kwa sababu dozi na saa za dawa hubadilishwa.

Uendeshaji. Dereva wa bodaboda, daladala au lori anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha apime ndani ya saa mbili kabla ya kuondoka na kila baada ya saa mbili njiani. Ikiwa 5 au chini, ale kitu kwanza. Chini ya 4 asiendeshe. Atibu, kisha asubiri dakika 45 baada ya sukari kurudi, maana akili huchelewa kurudi sawasawa. Hii ni kanuni ya Uingereza. Najua bosi wa daladala hatapenda dakika 45. Abiria wangependa.

Ujauzito. Hapa ratiba zote za juu zinawekwa kando. Pima asubuhi kabla ya kula na baada ya kila mlo, kila siku. Anayetumia insulini anaongeza kabla ya milo. Malengo ya kawaida ni chini ya 5.3 asubuhi, na chini ya 7.8 saa moja baada ya kula au chini ya 6.7 saa mbili baada. Kliniki ya wajawazito ndiyo itakayokuongoza.

Dalili. Kutetemeka, jasho la ghafla, moyo kwenda mbio, njaa kali, hasira isiyo na sababu, kuona ukungu: pima. Kama mashine iko mbali, usiifuate, tibu kwanza. Vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari. Pima tena baada ya dakika 15, na kama bado iko chini ya 3.9, rudia. Ikishapanda, kula kitu kama mlo uko mbali. Aliyezimia asimiminiwe kitu mdomoni. Mkimbize hospitali.

Hatua ya 6: Hakikisha namba ni ya kweli

Kula embe, jipanguse mkono kwenye kanga, kisha toboa kidole hichohicho. Mashine inaweza kusoma juu mno, kwa sababu imepima na sukari ya embe iliyobaki kwenye ngozi. Nawa kwa maji na sabuni, kausha kabisa. Maji yakibaki huchanganyika na damu na kuharibu kipimo. Kama huna maji, futa tone la kwanza la damu utumie la pili.

Toboa pembeni ya ncha ya kidole, katikati kuna maumivu zaidi. Badilisha vidole. Ning'iniza mkono chini, usuguesugue kiganja, lakini usikamue ncha kwa nguvu.

Stripu huharibiwa na unyevu na joto, na Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar kuna vyote viwili. Kaa na kichupa chake cha asili, funga kifuniko mara tu unapotoa stripu, usihamishie kwenye mfuko wa nailoni. Stripu nyingi zinataka joto lisilozidi nyuzi 30, kwa hiyo si juu ya friji, si kwenye gari lililoegeshwa juani. Friji yenyewe pia si mahali pake.

Kisindano ni cha mtu mmoja, na kile kifaa kinachokirusha pia. Homa ya ini aina ya B hupita kwa damu kidogo sana, hata kati ya mume na mke wanaougua wote. Visindano vilivyotumika weka kwenye chupa ngumu ya plastiki, funga, peleka kliniki.

Namba isiyolingana na unavyojisikia irudie kabla ya kuamua chochote.

Hatua ya 7: Soma daftari, badilisha ratiba

Andika tarehe, saa, namba, na neno moja la sababu: "harusi", "homa", "nimeruka mlo", "shamba". Namba tupu haina kumbukumbu.

Namba moja ya juu usiichukulie hatua kubwa. Tafuta mtindo: saa ileile, siku tatu au zaidi. Kabla ya chakula cha jioni iko juu ya 10 mara tatu wiki hii? Hiyo ni habari ya kupeleka kliniki. Sukari iliyoshuka ni tofauti. Mara moja inatosha kukutafutia sababu, na chini ya 3.0 inatosha kukupeleka kwa daktari kabla ya tarehe yako.

Punguza kupima pale ambapo namba za saa fulani zimekaa kwenye lengo wiki nne hivi, dawa haijabadilika na HbA1c inakubaliana nazo. Rudi kupima zaidi dawa ikibadilika, uzito ukipungua bila kukusudia, ukihamia kazi ya usiku, au HbA1c na daftari vikigombana. HbA1c yenyewe ipimwe mara mbili kwa mwaka ukiwa umetulia, kila miezi mitatu kama dawa inabadilishwa. Mwenye selimundu, upungufu wa damu, au aliyeongezewa damu karibuni amwambie daktari, kwa sababu kwake HbA1c inaweza kupotosha, na daftari la nyumbani ndilo litakaloaminiwa zaidi.

Siku ya kliniki beba daftari pamoja na mashine yenyewe. Kama unatolewa damu ya maabara kabla ya kula, jipime na mashine yako dakika hizohizo, mikono ikiwa safi. Linganisha kabla ya kula tu. Baada ya mlo, damu ya kidole huwa na sukari nyingi kuliko ya mshipa na utailaumu mashine bure. Kiwango cha kimataifa kinairuhusu mashine nzuri itofautiane na maabara kwa asilimia 15, kwa hiyo maabara ikisema 8.0 na mashine 7.2 au 8.9, endelea nayo. Ikisoma 10.5, jaribu tena na stripu za kichupa kipya. Ikirudia, tafuta mashine nyingine kabla hujaongeza dozi yoyote kwa namba zake.